Mkwe Yumo Ndani

Jumatatu ile mafundi wa Nasma walifika mapema, wakakusanyika barabarani mbele ya mlango wa kiwanda, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Mvua ilikuwa inapiga, ile mvua ya Kyela ya mwezi wa nne isiyojua hodi, na wanawake wanaoshona miamvuli kutwa nzima walisimama wanalowa, kanga zimewaganda vichwani. Ndani cherehani zilikuwa zinawangoja. Hata umeme ulikuwepo, ajabu ya Mungu. Nasma alitoka mlangoni akawapungia mkono waingie. Wakamtazama, kisha wakatazama chini.

"Mugonile!" aliwasalimu kwa Kinyakyusa chake cha sokoni.

Wakaitikia kwa sauti za chini. Kusogea, hawakusogea.

Lo, moyo ulimdunda! Na ukitaka kujua kwa nini, ngoja nikwambie. Baba yake, Mzee Salehe, ni mfanyabiashara wa pale mjini, mjukuu wa mtu aliyetoka Kilwa na marobota ya nguo wakati njia ya huku ilikuwa ya miguu. Miamvuli yenye alama ya duka lake inajulikana kuanzia ziwani mpaka Tukuyu. Ila miamvuli yenyewe ilikuwa inatengenezwa Uchina, na aliyekuwa anakwenda huko kuagiza ni Mansuri, kaka mkubwa wa Nasma, mtu wa safari na simu mbili. Mwaka uliopita mzigo ulikwama njiani, ukafika Kyela jua la Agosti linachoma migongo ya watu. Wakaanika miamvuli dukani na wapita njia wanacheka. Hapo ndipo Nasma alipomwambia baba yake, "Baba, fimbo ya mbali haiui nyoka. Tuagize vitambaa na njiti tu, kazi yenyewe tuirudishe nyumbani, tushone hapahapa."

Mansuri alicheka mpaka chai ikampalia. Mzee hakucheka. Alitoa ghala lake la zamani la mpunga, lile lililoko njia ya Ndandalo, akatoa msimu mmoja wa majaribio, akaweka na masharti. Oda ya chama cha wakulima wa kakao iishe siku iliyopangwa. Na mafundi wawe na msimamizi wa kuaminika, maana Mansuri alikuwa amemjaza maneno kwamba kule Uchina hakuna fundi anayeshona bila jicho la mtu mgongoni. Likivunjika sharti moja, cherehani zinauzwa, kazi inarudi ng'ambo, Nasma anarudi dukani kupima sukari, na wale wanawake wanarudi walikotoka. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumanne. Yaani kesho yake.

Msimamizi alikuwa amepatikana dakika za mwisho, tena Nasma alijipongeza kwa kumpata. Mzee Angetile wa Ikolo, mzee wa kanisa, aliyefanya kwa miaka mingi kazi ya kupokea kakao za wakulima, mtu ambaye hata gunia la ndugu yake alilirudisha kama kakao haijakauka. Jumamosi jioni Nasma aliwatangazia mafundi, "Jumatatu tunaanza na msimamizi. Si mgeni, ni mtu wenu, Mzee Angetile." Walinyamaza kimya. Mmoja wa nyuma akasema "ndaga", asante, kwa sauti iliyomezwa. Nasma akadhani wamefurahi sana mpaka maneno yamewaishia. Maskini, alikuwa anajipalia makaa na huku anatabasamu.

Sasa huyo Mzee Angetile alikuwa ndani. Alikuwa amefika kabla ya watu wote, akazunguka meza, akagusa vitambaa, akauliza maswali ya maana. Lakini sauti za wanawake zilipoanza kusikika barabarani, alikwenda kuchungulia dirishani, akarudi haraka, akabeba kigoda chake mpaka mwisho kabisa wa ghala, akakaa akiuelekea ukuta. Kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, kuna nini?" Nasma aliuliza.

"Mafundi wako ndio hao?"

"Ndio hao."

"Wote?"

"Wote, mzee."

"Mm," alisema.

Mansuri alifika na gari lake dogo, buti za mvua miguuni, akasimama mlangoni akiangalia huku na huku. Hakuwa mtu mbaya, lakini ulimi wake ulikuwa na pilipili. "Hongera, mdogo wangu. Msimamizi anasimamia ukuta, mafundi wanasimamia barabara. Nani anashona?"

"Wataingia sasa hivi."

"Kesho saa nne gari la chama liko hapa." Alitoa simu mfukoni. "Nampigia baba. Nimwambie mapema, kuliko kuja kuumbuka mbele ya watu."

"Kaka, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Mafundi wako wamegoma. Huko kwa wenzetu mtu hagomi. Ngoja niwaambie watu wa kiwanda kule waanze kukata vitambaa, tuombe radhi kwa chama, yaishe."

Nasma aliona dunia yake inakusanywa na kufungwa kama mwamvuli. Akatoka mvuani bila ushungi kukaa sawa, akamwendea Kisa. Kisa ndiye fundi wake mkuu, ndiye aliyewafundisha wenzake kukunja zile kona ngumu ambapo kitambaa kinakutana na njiti, na zaidi ya hayo alikuwa rafiki yake. Walikuwa wanakula chakula cha mchana sahani moja.

"Kisa, nini hiki? Mnataka nini? Kama kuna neno semeni!"

"Hakuna neno, dada."

"Basi ingia."

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Miguu imekufa?"

Maji yalikuwa yanamtiririka Kisa usoni. Nyuma yake wenzake walianza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Mansuri alikuwa ameshaweka simu sikioni. Na Nasma, kwa hasira na kwa hofu, maana hofu ndiyo iliyokuwa nyingi, akamkamata Kisa mkono.

"Dada Nasma, niache."

"Ingia! Wenzako wakikuona wewe wataingia!"

"Niache, nakuomba, niache!"

Alimkokota. Wallahi alimkokota mtu mzima kama mbuzi wa sadaka, akampitisha mlangoni, na pale kwenye sakafu yenye maji Kisa aliteleza, akapiga ukelele. Yeyote anayesikia ukelele hugeuka. Mzee Angetile aligeuka. Kufumba na kufumbua, macho ya mzee na ya Kisa yakakutana.

Kisa alitoa sauti ambayo Nasma hajawahi kuisikia kwa mtu ambaye hajafiwa. Alijifunika kanga kichwa kizima, akatambaa chini ya meza ya kukatia, akajikunja huko. Nje wanawake wote waligeuza migongo kwa pamoja. Mzee alivua kofia, akaiweka usoni, akageukia ukuta wake tena. Hata Mansuri alishusha simu.

Nasma alipiga magoti kando ya meza. "Kisa. Kisa, umeumia?"

"Ungenipiga kofi ningekusamehe," sauti ya Kisa ilitoka chini ya kanga. "Kofi linapoa. Wewe umenivua nguo mbele ya mkwe wangu."

"Mkwe?"

"Huyo ni baba wa mume wangu! Tangu niolewe sijakaa naye chini ya paa moja. Uso wake sikuwahi kuutazama mpaka leo. Jina lake silitamki hata kwa bahati mbaya. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mpunga mpaka apite. Na hao walioko nje, nani ambaye hajaolewa na mwanawe, au na mtoto wa ndugu yake? Ni mkwe wao wote. Unatuambia tukae naye chumba kimoja kutwa, atusimamie mgongoni! Wewe umezaliwa hapa, Nasma. Umekulia hapa, umekula mchele wetu. Hata hilo hulijui?"

Alilijua. Hapo ndipo palipomuuma. Tangu utoto alikuwa akiwaona wanawake wenye mizigo kichwani wakiacha njia ghafla na kuingia majarubani, matope mpaka magotini, kwa sababu mzee fulani anakuja na fimbo yake. Nyumbani kwao walikuwa wakisema, "Hizo ni mila zao," na kuendelea na chai. Nasma alidhani ni mambo ya mabibi, yanayopungua kidogo kidogo kama mavazi ya zamani. Kumbe alikuwa anaishi na watu mlango kwa mlango bila kuwahi kuingia ndani kwao.

"Kwa nini hamkuniambia Jumamosi?"

"Tuseme nini? Tumseme mkwe hadharani? Heri kuacha kazi."

"Nisamehe," Nasma alisema. "Nimekosa, Kisa. Nimekukosea mbele ya watu na nakuomba radhi mbele ya watu. Kama kuna cha kulipa nitalipa."

"Hulipi wewe. Hayo ni ya kwetu, yana namna yake ya kumalizwa nyumbani." Kanga ilitulia kidogo. "Nimekusikia. Lakini atoke kwanza. Mimi hapa siinuki mpaka atoke."

Haya sasa, atoke! Neno dogo, kazi kubwa. Ghala lilikuwa na mlango mmoja tu, na madirisha yake yako juu, yana nondo. Mbele ni barabara iliyoinuliwa kwa kifusi, kushoto mafuriko, kulia mafuriko, mpunga umezama mpaka masikioni. Ubavuni mwa ghala mifereji ilikuwa imefurika inagonga ukuta. Mzee hakuweza kutoka ila kwa kupita mbele ya meza aliyojificha Kisa, kisha katikati ya kundi la wakamwana wake. Wao kumpisha, ingewabidi watangulie mpaka Ndandalo na yeye anakuja nyuma kwa mwendo wa magoti yake mabovu, na wakishafika huko, kwenye watoto na jiko, nani angerudi siku hiyo?

"Mwambie tu apite, wafumbe macho," alisema Mansuri.

"Kaka, nyamaza," alisema Nasma. Hajawahi kumwambia kaka yake hivyo tangu azaliwe.

Alisimama akitazama ukuta wa nyuma, ule aliouelekea mzee. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kijiinuko chenye mikakao, na kinjia kinachotokea Ikolo bila kugusa barabara. Kwenye kona ya chumba ulikuwepo mtaimbo wa kufungulia makasha. Nasma alifunga dera lake kiunoni kwa ncha ya ushungi, akaushika.

"Unafanya nini?"

"Natoboa mlango."

"Una wazimu? Ukuta wa baba huo!"

"Baba amesema msimamizi awepo na kazi iishe. Ukuta hakuutaja."

Alipiga pigo la kwanza na mikono ikafa ganzi. La pili likamega kipande cha lipu. La tatu halikumega kitu. Mzee Angetile alisogeza kigoda chake pembeni bila kugeuza kichwa. Kutoka nje mafundi walikuwa wanasikia vishindo na hawajui ndani kunatokea nini, wakaanza kuulizana kwa Kinyakyusa, sauti zinapanda. Nasma alipiga tena, huku machozi na jasho vinamwingia mdomoni, na tofali likakaa palepale kumdhihaki.

"Toka," alisema Mansuri. Alikuwa amevua koti. "Toka, utaangusha ukuta wote. Matofali haya nilibeba mimi kichwani wakati wewe unanyonya. Hapa chini wamefunga kwa udongo mtupu." Alimnyang'anya mtaimbo, akauchomeka kwenye kiungo, akakandamiza kwa uzito wake wote, na tofali likachomoka likaanguka nje kwenye matope. Kisha la pili. Alifanya kazi huku anatukana chinichini, na Nasma alikuwa anayapokea matofali na kuyapanga, na ndugu hao wawili hawakuwa wamefanya kazi moja pamoja tangu utotoni.

Tundu lilipomtosha mtu kuinama na kupita, Mzee Angetile alichukua kigoda chake, akapita, akatokea kwenye mikakao. Nasma alikwenda mlangoni. "Ametoka," alisema. "Nisameheni na ninyi. Ingieni, tafadhali."

Hawakuingia mara moja. Walimwangalia Kisa kwanza. Kisa alitoka chini ya meza, akakamua kanga, akaenda kwenye cherehani yake bila kumtazama Nasma. Mguu wake ulipokanyaga pedali, wengine wakaingia mmoja mmoja, wakakaa, na ghala likaanza kunguruma.

Nasma alidhani mzee ameshaondoka zake Ikolo na aibu yake. Akawa anajiambia, kazi huenda ikaisha, lakini msimamizi hakuna, sharti la baba limevunjika, na Mansuri yupo, ameona. Ndipo sauti ikasikika kutoka upenuni, nyuma ya ukuta.

"Mwanangu, mbona hamniletei kazi? Niliajiriwa nikague."

Mzee alikuwa ameweka kigoda chake nje, mgongo kwenye ukuta, kando ya tundu, hata ukichungulia huoni ila goti na mkono. Nasma akampitishia mwamvuli. Mzee akaufungua, akaunyoosha mvuani, akautazama kwa ndani muda mrefu. Mkono ukarudi tunduni.

"Unavuja kwenye kona. Urudi."

Ukarudi. Na wa pili ukarudi. Wa tatu ukapita, wa nne ukarudi. Mansuri alishika kichwa. "Mzee, kwa mwendo huu kesho tutawapa chama nini? Nani atakuja kuangalia kona? Pitisha tu."

"Mvua itaangalia," alijibu mzee.

Mafundi walianza kunung'unika. Miamvuli iliyorudi ilikuwa inarundikana kando ya tundu na kila mmoja ulikuwa unakula muda wao. Nasma naye alitamani kusema pitisha, ulimi ulikuwa juu ya meno. Saa ile alimwelewa Mansuri na Uchina yake kuliko siku zote: ni rahisi kweli kuuza kitu ambacho aliyekishona hutamwona na atakayelowa hutamjua. Lakini aliwatazama wale wanawake waliolowa asubuhi nzima, nguo zinawakaukia mwilini. Akaubeba mwamvuli mbovu mpaka kwa Kisa, akauweka mbele yake. "Tufanyeje?" aliuliza.

Kisa aliugeuza, akavuta kona kwa kucha. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akimwangalia Nasma usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, "Dada Nasma, mwambie aliyeko nje kwamba kona tutazipiga mshono wa pili, halafu tutatia nta."

Nasma hakuwa na haja ya kuinuka. Kutoka nyuma ya ukuta sauti ilisema, kama anaongea na mikakao, "Anayesema hivyo amesema vizuri."

Kicheko kilipita mezani, kidogo, cha puani. Kisa aliinamisha kichwa akashona.

Walishona mpaka giza lilipoingia, wakarudi alfajiri ya Jumanne, mzee akija kwa kinjia chake cha mikakao na wao kwa barabara. Saa nne gari la chama lilifika, likapiga honi. Bado mwamvuli mmoja. Ulikuwa umepelekwa kwa mzee na kurudishwa. Dereva alikuwa anapiga honi, Mansuri anasema, "Mmoja tu, uchanganye humohumo," na Nasma akatikisa kichwa. Kisa aliushona upya na watu wote wamesimama wanamtazama, ukapita tunduni, ukafunguliwa mvuani. Walisubiri. Mkono wa mzee ukarudisha mwamvuli.

"Huu uende," alisema.

Gari lilipoondoka hakuna aliyeshangilia, walikuwa wamechoka mno. Mansuri alikuwa anafuta vumbi la matofali mikononi. "Sawa," alisema. "Sikatai. Mmemaliza. Lakini Ijumaa baba anarudi kutoka Mbeya kwenye matibabu yake ya macho. Nitaleta fundi azibe hilo tundu kabla hajaja, na mzee akae ndani kama msimamizi wa watu. Kiwanda gani msimamizi anakaa nje na mvua?"

Kisa aliinuka kwenye cherehani yake. "Kaka Mansuri, tundu likizibwa, usitutarajie."

Alilisema polepole, bila ugomvi, na wenzake walikuwa wameshasimama. Mansuri alimtazama, akamtazama Nasma, akapiga simu Mbeya. Alieleza yote, oda kuisha, ukuta kuvunjwa na msimamizi kukaa nje upenuni, bila kuongeza wala kupunguza, hilo lazima asifiwe nalo. Kisha akasikiliza, akampa Nasma simu.

"Anakutaka wewe."

Nasma aliipokea. Viganja vilikuwa vinamwuma, vimefanya malengelenge. "Shikamoo, baba."

"Nani kavunja ukuta wangu?"

"Mimi."

"Ghala lile nimelijenga kwa jasho, Nasma."

"Najua, baba."

"Umevunja kwa sababu gani?"

Mafundi walikuwa wote wanamtazama. Maneno mengi yalimjia, ya masharti, ya oda, ya Uchina, akayaacha yapite.

"Mlango ulikuwa mmoja, baba, na haukuwatosha watu wa hapa."

Alisikia mzee wake akikohoa, na mtu wa hospitali akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Basi tia fremu," alisema Mzee Salehe. "Na upenu wa nyuma mwongezee bati, mzee wa watu asilowe."